Mashua ya Bani Rutabi

Msomaji asihangaike kuitafuta Pwani ya Mapatano kwenye ramani. Walioichora ramani walikuwa watu wa Dola ya Ng'ambo, na siku walipofika kwenye kipande hicho wino ulikuwa karibu kwisha na chakula cha mchana kilikuwa tayari mezani. Wakatia nukta, wakaenda kula. Inatosha kujua kwamba ilikuwa upande wa Arabuni, zama zile meli za moshi zilipoanza kuonekana, na kwamba ilikuwa nchi yenye mchanga mwingi, masheikh wengi na maji kidogo.

Zamani ikiitwa Pwani ya Maharamia. Dola ya Ng'ambo ikaja na manowari, ikafanya mkataba na kila haramia, na tangu siku hiyo ikaitwa Pwani ya Mapatano. Maharamia walibaki walewale, ila sasa walikuwa na vyeti.

Mambo yaliendeshwa kwa daftari. Kila sheikh aliandikwa humo, na mbele ya jina lake ikatajwa idadi ya mizinga atakayopigiwa manowari inapopita kwake. Aliyepora jahazi moja alipigiwa mizinga mitatu. Aliyepora meli kubwa yenye bendera, mitano. Aliyepora, akachinja, kisha akajuta kwa maandishi, alipigiwa saba na kupewa saa ya mezani. Utaratibu huu ulikuwa na hekima yake. Dola ilisema huwezi kufanya amani na mtu ambaye hamjagombana. Ambao hawakupata kumpora mtu, basi, hawakuwa na mkataba. Wasio na mkataba hawakuwamo daftarini. Na wasiokuwamo daftarini, kwa mujibu wa Dola, hawakuwa wamezaliwa.

Miongoni mwa hao ambao hawakuwa wamezaliwa walikuwamo Bani Rutabi.

Bani Rutabi walikaa bara kidogo, mwendo wa saa mbili kutoka ufukweni. Walikuwa na chemchemi moja, mfereji mmoja, na mitende mia mbili na hamsini na tisa. Sheikh hawakuwa naye. Walikuwa na mgawa maji tu, na huyo alikuwa Thani bin Musabbahi, mtu mwembamba, mkavu, mwenye ndevu chache na haya nyingi. Kazi yake ilikuwa kusimamisha fimbo kando ya mfereji na kupima kivuli chake kwa nyayo. Kila nyumba ilikuwa na nyayo zake: huyu mbili, yule tatu, jumla arobaini. Kivuli kikifika, Thani huziba kwa huyu na kufungua kwa yule. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemshitaki kwamba amempunja hata nusu ya unyayo. Jambo hilo lilimpa fahari kubwa, na kwa kuwa halikuwa na mizinga, hakuna mwingine aliyelijua.

Siku moja akaja Sheikh Dhiyabu wa Bani Kasaru, mwenye mizinga mitano. Alikuja na ngamia kumi na mmoja na mtu maalumu wa kumshikia sandali. Akaketi kwenye mkeka wa Thani bila kukaribishwa, akanywa kahawa vikombe vitatu, akautazama mfereji, kisha akaitazama mitende. Mitende aliitazama zaidi.

"Thani," akasema, "nimekuletea habari njema. Balozi wa Dola anapiga mipaka. Baada ya siku kumi anatia muhuri. Chemchemi hii ameiandika kwangu."

"Kwa sababu gani, ya Sheikh?"

"Kwa sababu ameniuliza ni ya nani, nikamwambia."

"Hakutuuliza sisi?"

Dhiyabu akacheka mpaka mshika sandali naye akalazimika kucheka. "Akuulize wewe? Nani wewe, ndugu yangu? Umepora nini? Umemuua nani? Hata mbuzi hujapata kuiba. Mtu hawezi kukaa miaka hamsini duniani bila kufanya lolote, kisha ategemee kuulizwa mambo."

Akasimama, akakung'uta kanzu. "Msiogope. Mtabaki humu humu. Mtanimwagilia mitende yangu."

Alipoondoka, shangazi yake Thani, Bi Zuwena, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ukuta, akatoka akakiosha kikombe mara saba. Alikuwa mjane wa nyayo tatu na mitende kumi na minane, na aliijua kila mmoja kwa jina.

"Nenda kwa huyo Balozi," akasema. "Nenda ukamwambie tupo."

*

Ofisi ya Balozi ilikuwa Bandari ya Salaba, nyumba nyeupe yenye bendera na varanda. Balozi mwenyewe, Kanali Brakenberi, alikuwa amelala, kwa kuwa ilikuwa asubuhi. Thani akapokewa na Karani Mirza, mtu wa kilemba safi na vidole vyenye wino, aliyekuwa ameiendesha Pwani ya Mapatano kwa miaka kumi na saba bila kulipwa zaidi ya karani.

Mirza akafungua daftari, akatembeza kidole. "Bani Rashuda, wamo. Bani Rukaya, wamo. Bani Rutabi... hamumo."

"Lakini nimesimama mbele yako, Karani."

"Nakuona. Mimi binafsi nakuona. Ofisi haikuoni."

"Basi niandike."

"Nikuandike kwa kosa gani?"

"Hatuna kosa."

Mirza akaiweka kalamu yake chini taratibu, kama daktari anayetaka kutoa habari mbaya. "Ami yangu, hapo ndipo ulipo ugonjwa. Daftari lina safu nne. Jina, kosa, toba, mizinga. Nikiacha safu ya pili wazi, ya tatu haina maana, na ya nne siwezi kuifikia. Hamkuwahi kurusha hata jiwe kwenye meli?"

"Hatuioni bahari."

"Lahaula." Mirza akafikiri. Alikuwa mtu mwenye huruma, na huruma yake yote ilikuwa ya kiofisi. Akatoa karatasi kutoka chini ya meza. "Yapo makosa ambayo hayajapata mwenyewe. Meli zilizopotea ambazo Dola haijui imsamehe nani. Madogo yamekwisha, masheikh wengine wameyachukua. Limebaki hili moja. Meli ya *Karlota*, imepotea miaka kumi na tisa iliyopita, na shehena ya pamba na vinanda viwili. Nadhani nahodha alilewa akagonga mwamba. Lakini mwamba hauwezi kutia sahihi."

"Unataka niseme tuliipora sisi?"

"Sitaki chochote, mimi ni karani. Ila ukikiri, mnatubu. Mkitubu, mnatambuliwa. Mkitambuliwa, chemchemi iliyo katikati ya nyumba zenu haiwezi kuandikwa kwa mtu mwingine. Usipokiri, siku ya muhuri Sheikh Dhiyabu anatia sahihi."

Thani alikuwa mtu ambaye akikosea kupima kwa upana wa kidole hurudi nyumba ya mwenye zamu kumwomba radhi. Akaitazama ile karatasi kama mtu aliyepewa kikombe chenye nzi na kuambiwa wageni wote wamekwisha kunywa.

"Nitasema," akajibu mwishowe.

"Usiseme kidogo," Mirza akamwonya. "*Karlota* ilikuwa meli kubwa. Sema mlikuwa watu sitini. Chombo chenu dhiraa hamsini, milingoti miwili, mizinga minne. Mwizi mdogo huandikiwa barua tu."

*

Siku ya kutia sahihi Kanali Brakenberi aliamka. Alikuwa mrefu, mwekundu, mwenye masharubu na medali ya vita ambayo ilikuwa imekwisha alipofika. Aliipenda Pwani ya Mapatano kwa moyo wote, na alikuwa akiandika juu yake kitabu cha kurasa mia tisa ambacho hakikuwa na mtu yeyote aliyezungumza ndani yake.

Sheikh Dhiyabu alikuwa amekaa kitini, kalamu mkononi, Thani alipoingizwa na kukiri.

Alikiri vibaya sana. Aliangalia sakafu. Aliposema "sitini" sauti ilimkatika, na aliposema "mizinga" alitazama mlango. Kanali alivutiwa mno.

"Tazameni aibu hii!" akasema, na Mirza akafasiri. "Nimewasikiliza maharamia thelathini na wawili, na hakuna aliyewahi kuona haya mbele yangu. Hii ni toba ya kweli. Hii inatoka moyoni."

"Bwana Balozi," Dhiyabu akapaza sauti, "huyu? Huyu ni mgawa maji! Huyu akiona dimbwi anashika kanzu isilowe!"

"Mtu huwa na siri, Sheikh."

"Siri gani? Watu sitini! Bani Rutabi wote, pamoja na wanawake na punda, hawafiki sitini!"

"Ndiyo maana hawakushukiwa," akasema Kanali, akafurahia akili yake mwenyewe.

Dhiyabu akaona maji yanamponyoka. Akasimama. "Basi nasema kweli mbele yenu. *Karlota* niliipora mimi! Mimi! Huyu ananiibia meli yangu!"

Mirza akaacha kuandika. Thani, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamwonyesha mtu kidole.

"Mwongo!" akapiga kelele. "Ni mimi! Kulikuwa na vinanda viwili, kimoja nilikipiga shoka mwenyewe! Niambie wewe kilikuwa rangi gani!"

Dhiyabu hakujua rangi ya kinanda. Wala Thani hakujua, na hakupata kukiona kinanda maishani, ila yeye ndiye aliyeuliza.

Kanali akaigonga meza. "Dola haitakubali kosa moja lichukuliwe na watu wawili. Aliyekiri wa kwanza ndiye mwenye nalo." Akatoa hotuba ya robo saa juu ya Nuru, Bahari na Uaminifu, kisha akatangaza: Bani Rutabi wametambuliwa, Thani bin Musabbahi ni Sheikh, atapigiwa mizinga mitatu badala ya mitano kwa kuwa amechelewa kutubu, chemchemi na mfereji ni vyao milele.

Thani akatia alama yake. Akafurahi, na furaha hiyo ikamchukiza.

"Sasa," akasema Kanali akifungua ukurasa mwingine, "kifungu cha tisa. Chombo kilichotumika katika uharamia kitachomwa moto mbele ya Balozi, ili toba ikamilike. Chombo chenu kiko wapi?"

Mirza akafasiri polepole kuliko kawaida. Kifungu cha tisa alikuwa amekisahau. Masheikh wengine wote walikuwa na vyombo, tena vibovu, na walifurahi kuchomewa.

"Chombo?" akauliza Thani.

"Chombo cha dhiraa hamsini. Milingoti miwili. Bila chombo, ungamo ni la uongo, mkataba unavunjika, na shauri linarudi kwa Sheikh Dhiyabu, aliye tayari."

Dhiyabu akaketi tena, akaichovya kalamu kwenye wino.

"Kipo," Thani akasema. "Kipo nyumbani. Kinafanyiwa matengenezo."

"Vizuri sana. Siku arobaini. Tutakutana ufukweni. Mizinga yake minne nitaichukulia kwamba imezama."

*

Thani aliwaeleza watu wake kila kitu, bila kuficha hata kile kinanda. Hakuna aliyecheka. Wakakaa kando ya mfereji, maji yakipita miguuni mwao.

"Ubao tutautoa wapi?" akauliza fundi wa milango, ambaye bahari alikuwa ameiona mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa ukungu.

Kila mtu akawa anatazama chini, ili asitazame juu.

"Semeni basi," Bi Zuwena akasema. "Semeni mitende, tujue tumefika."

"Mtende hupandwa ukaota tena, shangazi," akasema Thani. "Maji yakichukuliwa hayarudi."

"Mtende hupandwa leo ukazaa baada ya miaka minane. Mimi nina miaka sabini na moja, Thani weye. Hiyo minane unanigawia kwa fimbo gani?"

"Tukikataa, Dhiyabu anachukua yote mawili."

"Najua. Ningekuwa sijui ningekuwa nimekwisha kukupiga."

Walibishana siku mbili. Mwishowe, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kugawa kitu chochote duniani, waligawa hasara kama walivyogawa maji. Thani akapiga hesabu: nyayo arobaini, mitende sita kwa kila unyayo. Mwenye nyayo mbili atoe kumi na miwili. Bi Zuwena, kumi na minane. Hakuna aliyepunjwa. Miaka yote ya kazi yake, hakuwahi kugawa kwa haki kama siku ile, na alipomaliza akaenda nyuma ya ukuta akatapika.

Wakakata mitende mia mbili na arobaini. Ikabaki kumi na tisa, yote midume isiyozaa, iliyoota imepinda.

Chombo kilichotoka mikononi mwao sina hakika kama kilikuwa chombo. Kilikuwa na urefu wa dhiraa hamsini, kwa sababu Thani alipima mwenyewe. Mbele kilifanana na nyuma. Fundi wa milango, kwa mazoea, alikitia kizingiti na komeo. Kwa kuwa mtende hauna ubao bali nyuzi, kilifungwa kwa kamba kutoka kichwa hadi mkia, mfano wa mgonjwa. Wakakiburuta vipande vipande mpaka ufukweni, wakakiunganisha pale, wakakisimamishia milingoti. Ambaye angekitia majini angekuwa muuaji.

*

Manowari ilifika siku ya arobaini, saa nne asubuhi. Ikapiga mizinga mitatu, na punda wote wa Bani Rutabi wakakimbilia jangwani, wawili wasionekane tena. Kanali akashuka na maofisa, wapiga tarumbeta, na mtu wa kuchora picha. Sheikh Dhiyabu naye alikuwapo kama mgeni wa heshima.

Kanali akakizunguka chombo, mikono nyuma. "Kwa hiki," akawaambia maofisa kwa sauti nzito, "waliishika *Karlota*. Tazameni ujasiri! Hebu fikirieni kukutana nacho baharini."

Maofisa wakafikiria, mmoja akafunika mdomo kwa leso.

Moto ukawashwa. Chombo hakikuwaka. Magogo yalikuwa mabichi, maji ya miaka yote yakiwa bado ndani yake. Yakatoa moshi, yakatoa sauti ya kuchemka, yakazima. Wakawasha tena. Yakazima tena. Ofisa wa kuandika akasema kifungu cha tisa kinataka majivu.

"Leteni kuni kavu," Kanali akaamuru. "Nina chakula cha jioni Salaba."

Kuni kavu huko ufukweni hazikuwapo. Zilikuwapo kijijini, mwendo wa saa mbili, na kule kijijini kitu kikavu kilikuwa kimoja tu: nyumba zenyewe. Bani Rutabi wakaenda wakarudi na milango yao. Wakaleta miimo, dari za makuti, vitanda, na kitanda kidogo cha mtoto mchanga wa jirani yake Thani, mama akiwa amembeba mtoto begani na kitanda kichwani. Wakavipanga chini ya chombo kwa zamu, bila kusukumana.

Safari hii kikawaka. Wapiga tarumbeta wakapiga. Machozi yakamlenga Kanali, naye hakuyafuta, ili mchoraji ayapate. Akamvisha Thani joho jekundu, akampa cheti chenye utepe, akasema kwamba leo watu wa porini wameutupa upanga na kulishika jembe.

Moshi ulipopungua, Sheikh Dhiyabu akamsogelea Thani, akampa mkono kama sheikh kwa sheikh.

"Hongera. Mizinga mitatu si haba kwa kuanzia." Akashusha sauti. "Maji yako kaa nayo, ndugu yangu, mimi sina ugomvi tena. Chemchemi ninazo nne. Mimi nilitaka mitende."

Akaondoka, na mshika sandali nyuma yake.

Kanali aliandika katika ripoti yake kwamba Bani Rutabi wameacha uharamia kabisa. Ilikuwa kweli, na kwa miaka yote kumi aliyobaki kazini hakupata tena kuandika jambo la kweli.

Asubuhi ya kesho yake Thani hakutaka kwenda mferejini. Alikaa ndani ya nyumba isiyo na mlango, joho likiwa limekunjwa pembeni, akaliona jua linaingia mpaka miguuni. Bi Zuwena akasimama kwenye uwazi, jembe begani.

"Zamu yangu imefika."

"Shangazi, utamwagilia nini?"

"Hilo si shauri lako. Kazi yako ni kupima."

Thani akanyanyuka. Wakaenda pamoja. Akaisimamisha fimbo, akapima nyayo, akafungua. Maji yakaingia shambani kwa Bi Zuwena, yakazunguka kisiki cha kwanza, cha pili, yakafika cha kumi na nane, yakapita, yakaenda kumezwa na mchanga. Shangazi akasimama katikati ya visiki akiwa ameegemea jembe, miguu imelowa, mpaka kivuli kilipotimia. Hakuongeza hata dakika. Akaziba mwenyewe kwa udongo.

"Haya," akasema. "Mwite wa pili."

Thani akaita jina. Na wa pili akaja, na jembe lake.